Sabuni ya Kanku

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijashika mabati ya mtaa wa Kanina mjini Kolwezi, Simone alipanga chakula cha safari nyuma ya Land Cruiser ya mume wake. Aliweka sufuria la bukari, yaani ugali, lililofungwa kwa kitambaa, samaki thomson wa kukaanga, pilipili ndani ya chupa ya mayonezi, na bidoni za maji ya kunywa. Polycarpe, mume wake, alisimama kando akiushikilia mgongo kwa mikono miwili na kutoa amri kuhusu vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuweza kuviinua. Mgongo ulikuwa umemshinda tangu mvua za mwisho. Vidonge vya hospitali alikuwa amevimaliza, mafuta ya wachungaji pia, na sasa kikundi cha sala cha Simone kilikuwa kimemwelekeza kwenye maji ya moto ya Kamilonda, mbele ya Kasaji, ambayo watu walisema yanatoa maumivu kwenye mifupa.

Mianda, dada mkubwa wa Simone, alikuwa bado hajaamua. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ndogo ya nyuma ya uwanja, ile ambayo shemeji yake alimpa alipofiwa na mume, akivaa kiatu kimoja na kukivua.

"Yaya, kuya tu," Simone alimsihi dada yake aje apumzike kidogo. "Utapumuzika kiloko. Na ile njia njo inaendaka ku Angola."

Hapo Mianda akavaa kiatu cha pili. Mwanawe Kanku alikuwa Angola, au ndivyo ilivyosemwa. Kabla ya hapo alikuwa akichimba madini Mutoshi, katika shimo la Polycarpe. Kila shimo, trou kwa lugha ya kule, lina PDG wake, yaani mkurugenzi mkuu, mtu aliyeleta pampu, kamba na unga wa wachimbaji. Ofisi hana wala tai hana, lakini cheo hicho hakuna anayekicheka. Shimo lilipoanguka wakati wa mvua, wakubwa wa ushirika wa wachimbaji walikuja kuuliza, na PDG Polycarpe akasema halikuwa na mtu ndani. Kanku na wenzake wanne, alisema, walikuwa wameondoka siku iliyotangulia kwenda kutafuta almasi ng'ambo ya mpaka. Udongo ukasawazishwa. Kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna aliyeliliwa.

Mianda aliamini na hakuamini. Siku ya mwisho alimchemshia Kanku maji ya kuoga, na Kanku akayakataa. Alikuwa ananuka, weupe wa macho yake tu ndio uliokuwa safi. Mianda alimsema sana kuhusu mashuka. Lakini wachimbaji wa Mutoshi wana sheria yao: wakishaukuta mshipa wa madini, hawaogi mpaka mzigo, wenyewe husema produit, utoke shimoni, kwa sababu maji yanaufukuza mshipa. Mzigo ukitoka, PDG anasimama kwenye mdomo wa shimo, anawamwagia maji ya kwanza mikononi na kuwaambia wakaoge. Yeye peke yake ndiye mwenye neno hilo. Wake za wachimbaji wanaijua wiki nzuri kwa harufu ya kitanda. Kanku alicheka, akamwambia mama yake, "Kesho, mama," na akaondoka. Mianda aliyaacha yale maji ndani ya beseni mpaka mbu wakazaliana humo.

Basi wakasafiri. Njia ilikuwa ileile ya siku zote, malori ya shaba upande mmoja, mashimo upande mwingine, na vumbi lisilochagua kati ya tajiri na maskini. Polycarpe aliendesha akiwa amekalia mto wa kiti cha sebuleni, akilaumu serikali kwa kila bonde. Simone aliimba nyimbo za kwaya. Kila waliposimama, Mianda aliteremka na simu yake mkononi. Walipofika Mutshatsha aliwaonyesha vijana wa pikipiki picha ya Kanku. Kasaji, karibu na stesheni, alimwonyesha mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo.

"Mama, ulishaonaka huyu mutoto? Anaitwa Kanku. Eko na kovu juu ya jicho."

Muuza mihogo alifuta vidole kwenye kitenge, akaishika simu kwa heshima. "Ba kijana ba Kolwezi banapitaka hapa bengi, mama. Uliza kule mbele."

Polycarpe alimsubiri ndani ya gari bila kulalamika. Alikuwa mtu mpole, hilo lazima lisemwe. Hata siku moja hakuwahi kumnyima dada wa mke wake sahani ya chakula, na alimwita Mama Kanku mbele ya watu wote.

Kamilonda ilikuwa nzuri kuliko ilivyosimuliwa. Maji yalitoka chini ya mwamba mweusi yakichemka, yakateremka ngazi za mawe ya rangi ya kutu, na kila ngazi yalipoa kidogo, mpaka yakafika kwenye bwawa pana ambalo mtu aliweza kuingia bila kupiga kelele. Mvuke ulisimama juu yake bila kwenda kokote, ingawa upepo ulikuwepo. Majani ya pembeni yalikuwa mabichi mno kwa kiangazi. Ndege hawakusikika. Palikuwa na mlinzi, Stanislas, aliyetumwa na chifu wa pale, naye aliwaonyesha mahali pa kuegesha gari na pa kubadilisha nguo.

Kwenye ukingo wa bwawa, juu ya jiwe refu, walikaa vijana watano. Walikuwa wamefunikwa na vumbi jeusi na jekundu toka nywele mpaka nyayo, taa za kichwani zikiwa bado zinawaka mchana. Nyuma yao yalipangwa magunia yaliyojaa. Miguu yao ilining'inia karibu na maji lakini haikuyagusa.

"Na bale?" Simone aliuliza.

"Bale balitokea mu mvua, upande wa mawe," Stanislas alisema. "Banakaaka tu. Habaibake kitu. Mukipenda, mubaachie biatu na telefone, batabachungia."

Simone alivua viatu, akavipeleka, na alipofika kwenye jiwe akamtambua wa pili kutoka mwisho. Alirudi akamshika dada yake mkono. Akamgeuza upande wa jiwe. Mianda alikwenda polepole, kwa sababu mawe yalikuwa yanateleza.

"Mama, mulifika," Kanku alisema. "Njia ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa na mavumbi," Mianda akajibu. Akakaa kando yake. Jiwe lilikuwa la moto kila mahali isipokuwa pale alipokaa Kanku. "Balisema uko Angola."

"Apana. Tulikuwa mu trou. Juu ilianguka, tukasema tuendelee mbele, pengine hewa iko mbele. Hakuna mutu alituambia tuache. Tulichimba, tulichimba, udongo ikaanza kuwa moto, tukatokea hapa."

Kutoka Mutoshi mpaka Kamilonda, kwa gari lenye nguvu, ni safari ya nusu siku nzima. Mianda aliitazama mikono ya mwanawe, akaona kwamba vidole havikuwa na kucha tena. Alielewa. Moyo ulimuuma kwa namna ambayo hakuijua hata alipomzika mume wake, na pamoja na maumivu hayo kulikuwa na furaha, kwa sababu alikuwa amekaa karibu naye na kovu lilikuwa mahali pake.

"Munakulaka?"

"Hatusikiake njaa, mama."

"Na usingizi?"

"Usingizi tunayo. Njo kitu tunasikia sana. Lakini namna hii," alijionyesha vumbi la kifuani, "mutu hawezi kulala."

Mianda alifungua pochi yake. Ndani alikuwa na sabuni mpya, ya harufu ya ndimu, aliyoinunua kwa ajili ya safari. "Basi koga. Maji ni hii hapa."

Wale wengine wanne waligeuka wakaitazama sabuni. Kanku alitikisa kichwa. "Produit haiyatoka. PDG haiyasema. Unajua sheria, mama."

"Sheria ya trou. Sasa trou iko wapi?"

Kanku aliivuta miguu yake mbali kidogo na maji, kwa adabu. Mianda alichovya kitambaa chake cha kichwa majini, akakikamua, akamfuta mwanawe paji la uso kama alivyomfanyia alipokuwa na surua. Kitambaa kilipita juu ya vumbi, na kilipotoka kilikuwa kikavu. Vumbi lilibaki. Alichovya tena, akafuta tena, na mara hii alikaza mkono. Kitambaa kilitoka kikavu na chenye joto, tayari kwa kukunjwa. Kijana aliyekaa mwisho, ambaye alikuwa na mke mchanga kule Mutoshi, alimwambia asijichoshe, wao wenyewe walikuwa wamejaribu.

Polycarpe wakati huo alikuwa ndani ya bwawa mpaka shingoni. Alikuwa amewaona. Simone alimsugua mgongo huku machozi yakimtiririka usoni, lakini kwenye mvuke ule kila uso ulikuwa na maji, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuliza. Alipohisi nafuu, Polycarpe aliogelea kuja upande wa jiwe. Vijana wote watano wakasimama.

"PDG," walimsalimu.

"Ba kijana. Munaendelea?"

"Tunaendelea, PDG. Tukoge?"

Waliuliza bila haraka, kama watu wanaojua kwamba swali ni la kawaida na jibu ni la kawaida. Mianda naye alisimama, sabuni mkononi. Polycarpe alimtazama kila mmoja. Alipofika kwa Kanku, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimbeba mabegani utotoni wakati wa sherehe za parokia, alitazama kwa muda mrefu kuliko kwa wengine.

"Mungojee kwanza," alisema.

"Ni sawa, PDG."

Wakakaa. Polycarpe alitoka majini, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kabisa. Aliinama akagusa vidole vya miguu, akamwita Simone aone. Kisha, akiwa bado na taulo kiunoni, alifungua gunia la kwanza. Alitoa jiwe, akalipima kwa kiganja, akalivunja kwa jingine na kulisogeza kwenye mwanga. Ndani lilikuwa jeusi linalong'aa. Teneur, yaani kiwango cha madini, ilikuwa ya juu, alisema, hajapata kuona nyingine kama hiyo tangu aanze kazi. Akarudisha gari kinyumenyume mpaka karibu na jiwe, na vijana wakamsaidia kupakia. Walibeba kwa wepesi. Chini ya uzito wao nyasi hazikulala, chini ya magunia zililala.

Mianda alisimama kati ya Polycarpe na mlango wa gari.

"Tata Polycarpe. Siongee na wewe sasa kama shemeji. Naongea na PDG. Produit njo hii inatoka. Baambie bakoge."

Polycarpe alivuta pumzi. Hakukasirika. Alimvuta pembeni, mbali kidogo na vijana, kama mtu anayetaka kumwokoa mwenzake na aibu.

"Mama Kanku, nisikie. Mi nikisema bakoge, ni kusema balikuwa mu trou. Na mi nilishasema mbele ya ba chef yote, mu trou hamukuwa mutu. Sasa neno yangu itakuwa nini?"

"Na mutoto wangu atakuwa nini?"

"Mutoto wako eko pale. Unamuona. Mama ngapi mu Kolwezi wanaweza kusema hivyo?"

Mianda alimchukia. Alimchukia wazi, pale pale, pamoja na kila sahani ya bukari aliyowahi kula nyumbani kwake, na pamoja na mgongo ule ulionyooka. Alirudi kwenye jiwe, akakaa, akasema haondoki. Ni Kanku aliyemshawishi. Alimwambia hapo hapakuwa na kitanda, mvuke ungemharibu kifua, na kwamba wao hawakuwa na haraka. "Enda, mama. Utarudia." Kabla hawajaondoka Simone aliwapiga wote picha: Polycarpe na taulo, Mianda na sabuni, na nyuma yao vijana watano wakitazama kamera, taa zao zikifanya nyota kwenye kioo. Mianda alisafiri mpaka nyumbani akiwa ameweka miguu juu ya magunia, kwa sababu hapakuwa na pa kuiweka.

Jumatatu alitandika mikeka uwanjani. Alivua viatu, akafunga kitenge kifuani, akaketi chini akaanza kumlilia mwanawe kwa jina. Majirani walisikia wakaja, kama inavyopaswa, wanawake kwenye mikeka na wanaume kwenye viti vya plastiki, na katekista Tharcisse akafika na kitabu cha sala chini ya kwapa. Mke mchanga wa yule kijana wa mwisho, Joyeuse, alikuja kutoka Mutoshi na mtoto mgongoni. Ukuni wa kwanza ulikuwa umeshawashwa.

Polycarpe alitoka ndani akiwa amevaa shati safi. Hakumfokea mtu. Alichukua simu ya Simone, akaipitisha kutoka mkono hadi mkono.

"Tulimukuta Jumamosi," alisema. "Yeye na bale benzake bane. Banatumika muzuri."

Wanawake walikuza picha kwa vidole viwili. Walimwona Kanku, kovu lake na magunia. Walikubaliana kwamba amekonda kidogo. Joyeuse alimwona mume wake, akakaa chini na kucheka na kulia kwa pamoja, akamgeuza mtoto amwone baba yake. Kumlilia mtu ambaye picha yake ni ya juzi ni kumwitia mabaya, kila mtu anajua, na hakuna aliyetaka kushiriki. Wakaanza kukunja mikeka.

"Eko amekufa," Mianda alisema. "Miye nilimugusa."

"Mama," Tharcisse alimjibu taratibu, "namna gani nitaombea roho ya mutu nimemuona mu photo? Tena weye mwenyewe njo ulituonyeshaka picha yake, ukituuliza tulimuona wapi. Sasa ameonekana. Shukuru Mungu."

Akafunga kitabu. Viti vilirudishwa kwa mwenyewe, na moto ukazimwa na maji yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya chai. Wakubwa wa ushirika nao walioneshwa picha hiyo, wakampongeza Polycarpe kwa uangalifu wake. Kama kulikuwa bado na mtu Mutoshi aliyenong'ona kuhusu lile shimo, alinyamaza.

Tangu hapo watu wanakwenda Kamilonda. Jamaa za wale wengine wanakodi gari wakati wa kiangazi, wanabeba chakula, wanaoga, wanawasalimu vijana wao. Stanislas amejenga kibanda cha nyasi. Vijana wanachunga viatu na simu za wageni, na mpaka leo haijapotea hata soksi, jambo ambalo wageni wanalisifia sana wakirudi mjini. Katikati ya wiki wanarudi ndani ya mwamba kuchimba. Kwa hiyo Polycarpe akifika, magunia yanakuwa tayari. Amenunua gari la pili, lenye nafasi zaidi nyuma. Mgongo haujamsumbua tena.

Joyeuse alikwenda mara ya kwanza na nguo safi za mume wake, zimepigwa pasi. Amezirudisha. Mtoto anapenda kucheza na taa.

Mianda anakwenda kila gari linapokwenda. Polycarpe hamkatalii, tena anamwachia kiti cha dirishani. Mianda mwenyewe hajawahi kutia hata kidole cha mguu kwenye lile bwawa. Anakaa juu ya jiwe, mahali pasipo na joto, anamweleza mwanawe habari za Kanina, nani ameoa, nani amehamia Fungurume, na Kanku anasikiliza huku akisinzia bila kulala. Kichwa kinaanguka, kinashtuka, kinaanguka. Mianda hawezi kuzoea kukitazama kichwa hicho.

Jumamosi iliyopita Polycarpe alitoka majini, akajifuta masikio kwa ncha ya taulo. Vijana wakasimama. Mianda naye akasimama, akatoa sabuni kwenye pochi.

"PDG," Kanku alisema, "tukoge?"

"Leo?" Mianda akauliza.

Polycarpe alikuwa akitafuta kandambili zake. Kijana mmoja alimsogezea, akamshukuru.

"Bado, Mama Kanku," alisema kwa upole. "Mungojee kiloko."

Vijana wakainua magunia, wakaanza kupakia. Mianda alirudisha sabuni kwenye pochi. Ilikuwa bado imefungwa na karatasi yake.